Garbo hakuokotwa dukani

Swali: Shikamoo, mwalimu. Nina miaka 20, kwetu ni Tanga, na huu ni mwaka wa tatu naishi Stockholm kwa shangazi. Nauza nguo dukani lakini moyo wangu uko kwenye filamu. Mwenzangu kazini alinionyesha noti ya kroni 100 akaniambia huyu mama wa kwenye noti, Greta Garbo, alikuwa akiuza kofia kama sisi tunavyouza nguo. Siku moja mwongozaji wa filamu akaingia, akamwona, mwaka uliofuata yuko Hollywood. Kwa maneno ya kwetu, kaokota dodo chini ya mwarobaini. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, kuna haja gani ya mimi kuhangaika na shule ya maigizo?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hadithi hiyo ya dukani naifahamu vizuri, na kila ninapoisikia naumia kwa niaba ya yule binti, maana inamnyang'anya kazi aliyoifanya. Kofia ni za kweli, duka ni la kweli, na yupo hata mwongozaji anayehusika na duka hilo. Ila mwongozaji huyo siye aliyempeleka Hollywood, wala haukuwa mwaka mmoja. Aliajiriwa dukani Julai 1920, akapanda meli kwenda Marekani Juni 1925. Miaka mitano kasoro mwezi. Humo ndani kuna picha za kofia, filamu za matangazo, kichekesho kimoja cha nguo za kuogelea, kuacha kazi, shule, filamu moja kubwa, safari moja iliyoharibika na majira ya baridi ya Berlin. Nitakupitisha taratibu kwenye sehemu ya mwanzo, kwa sababu ndiyo inayofanana na hali yako, na ya Hollywood nitaipita haraka.

Alizaliwa tarehe 18 Septemba 1905, jina lake Greta Lovisa Gustafsson, kitinda mimba wa watoto watatu baada ya kaka yake Sven na dada yake Alva. Nyumbani kwao kulikuwa Blekingegatan namba 32, Södermalm, si mbali na kituo cha treni cha Skanstull unachokijua. Wewe umeikuta Södermalm ya mikahawa na kodi za kukata pumzi. Ya wakati ule ilikuwa ya makabwela. Baba yake, Karl Alfred, alikuwa mtu wa vibarua, na familia nzima ilibanana kwenye nyumba ndogo isiyo na maji ya moto. Greta aliacha shule mwaka 1919 akiwa na miaka 13, na hakurudi tena darasani kwa masomo ya kawaida, jambo lililomtia haya maisha yake yote. Baba akaugua. Yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali na kukaa naye kwenye foleni. Mwaka 1920 baba akafariki, na binti alikuwa na miaka 14.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwa kinyozi. Kwa Kiswidi waliiita kazi ya tvålflicka, yaani msichana wa sabuni: unakoroga povu, unampaka mteja kidevuni na mashavuni, unamwachia kinyozi mwenye wembe, unakwenda kwa mteja mwingine. Waandishi wengi wa habari zake huitaja kama kioja tu. Mimi naitaja ili ujue kwamba mshahara ulikuwa unahitajika nyumbani, na kwamba kila hatua aliyoipiga baadaye ilipimwa kwanza na swali la nani ataleta pesa ya chakula.

Jambo la kushika hapa ni kwamba ndoto ilikuwepo kabla ya duka. Tangu akiwa mtoto wa shule alikuwa akisimama jioni nje ya kumbi za maonyesho za Södermalm, hasa Södra Teatern pale Mosebacke, akiwatazama waigizaji wakiingia kwa mlango wa nyuma. Ukumbi huo bado upo, na unaweza kwenda leo ukasimama alipokuwa akisimama. Alikuwa anatamani jukwaa. Filamu ilikuja baadaye, na ilikuja kwa njia ya pembeni.

Julai 1920 akaajiriwa na PUB, duka kubwa la ghorofa pale Hötorget lililopewa jina kwa herufi za mwenyewe, Paul U. Bergström. Akafikia kwenye kofia za wanawake. Katalogi ya majira ya kuchipua ya 1921 ilipokuwa inaandaliwa, wakubwa wa duka walihitaji uso wa kuvalisha bidhaa, wakamchukua huyu huyu muuzaji wao, na katalogi zikatumwa nchi nzima. Hapa ndipo hadithi ya mwenzako ingeweza kuishia, na ingekuwa hadithi ya kawaida kabisa, maana wasichana wengi wamepigwa picha za katalogi na habari yao ikaishia hapo.

Duka hilo lilikuwa pia linatengeneza filamu fupi za kutangaza bidhaa. Mtengenezaji wake aliitwa Ragnar Ring. Greta akapata kuonekana katika moja, akiwa amevalishwa nguo zisizoendana hata kidogo, ili watazamaji wacheke na waone jinsi mtu asivyotakiwa kuvaa. Baadaye akaonekana katika tangazo jingine, la chama cha ushirika cha walaji cha Stockholm, na humo kazi yake ilikuwa kula keki. Basi. Anakula keki kwa tamaa, anajaza mashavu, anachekesha.

Vipande hivyo vimehifadhiwa hadi leo. Huwa nawaonyesha wanafunzi wangu kabla ya filamu nyingine yoyote ya Garbo, na huwa wanashtuka. Wamezoea zile picha za Hollywood, uso uliotulia kama maji ya mtungini, macho mazito, mdomo usiosema kitu. Hapa wanaona binti mnene kidogo, mchangamfu, anayejichekesha mbele ya kamera bila woga wowote. Hakuna dalili hata moja ya Garbo. Wanaosema kwamba uso ule ulikuwa umekamilika tangu mwanzo, ukimsubiri mtu wa kuuona, nawaomba watazame keki zile. Uso wa baadaye ulitengenezwa, na waliouhangaikia ni wengi, mwenyewe akiwa wa kwanza.

Sasa tufike kwa yule mwongozaji wa dukani. Aliitwa Erik A. Petschler, mtu wa vichekesho vya haraka haraka vilivyoiga mtindo wa Marekani. Jinsi walivyokutana mara ya kwanza husimuliwa kwa namna tofauti kidogo, lakini kwa alivyokuja kueleza Greta mwenyewe, alipojua kwamba yule bwana ni mtu wa filamu alimpigia simu, akaenda kumwona, akamghania kipande alichokuwa amekihifadhi. Hebu lisome tena hilo, mwanangu. Yeye ndiye aliyepiga simu, na alikuwa na kipande cha kughani tayari kichwani.

Petschler akampa nafasi katika kichekesho kiitwacho Luffar-Petter. Upigaji picha ulikuwa majira ya joto ya 1922. Greta akaomba ruhusa kazini, akanyimwa, na Julai mwaka huo akaacha kazi. Alikuwa na miaka 16. Ameacha mshahara wa uhakika, nyumbani kuna mama mjane, na anakwenda kucheza mmoja wa mabinti watatu wanaorukaruka kando ya maji wakiwa na nguo za kuogelea. Filamu ilitoka tarehe 26 Desemba 1922, na haikumfungulia mlango wowote. Kama ungemwuliza mtu mwenye akili timamu mwezi Agosti 1922, angekwambia yule binti wa Blekingegatan amefanya kosa la maisha.

Wiki zilizofuata ndizo ninazozithamini kuliko zote katika habari zake, na ndizo zinazojibu swali lako la pili. Badala ya kungoja Petschler mwingine, alitaka kuingia shule ya Dramaten. Akaenda kwa Frans Enwall, mzee aliyewahi kuiongoza shule hiyo, akafundishwa naye pamoja na binti yake Signe namna ya kuandaa vipande vya usaili. Akafanya usaili, akafaulu, na msimu wa vuli wa 1922 akaingia kwa ufadhili wa masomo.

Dramaten ni ukumbi wa kifalme wa maigizo, ulioanzishwa na Mfalme Gustav III mwaka 1788. Jengo lake la marumaru pale Nybroplan lilifunguliwa mwaka 1908. Binti aliyeacha shule na miaka 13 alianza kushinda humo siku nzima. Alifundishwa sauti, matamshi, namna ya kutembea na kusimama, na namna ya kuusoma mchezo na kuuelewa. Wanafunzi walipewa pia nafasi ndogo ndogo kwenye maonyesho ya ukumbi wenyewe, wakajifunza kwa kusimama jukwaa moja na wakubwa wao. Pamoja naye walikuwemo Mimi Pollak, aliyebaki rafiki yake kwa maisha na kuja kuwa mwongozaji wa kuheshimika wa Dramaten, na Alf Sjöberg, aliyepata baadaye tuzo kuu ya Cannes. Hakuwa peke yake mwenye kipaji darasani, na nadhani hilo lilimsaidia kuliko sifa yoyote.

Mkuu wa shule wakati huo alikuwa Gustaf Molander, naye mtu wa filamu. Mwaka 1923 akafuatwa na Mauritz Stiller, aliyekuwa anatafuta wasichana wawili kutoka shuleni kwa ajili ya filamu yake mpya. Molander akawataja Greta Gustafsson na Mona Mårtenson. Wote wawili wakachukuliwa.

Hapo ndipo ilipo bahati, na sitakuficha kwamba ilikuwepo. Molander angeweza kuwataja wengine, au kuwa na siku mbaya. Lakini angalia bahati hiyo ilimkuta wapi. Ilimkuta shuleni, kwenye orodha ya mkuu wa shule, miezi kadhaa baada ya usaili ambao hakuna aliyemlazimisha kuufanya. Kwenye kaunta ya kofia Stiller asingepata wa kumtajia jina lake.

Nikueleze kidogo kuhusu Stiller, kwa sababu bila yeye huwezi kuelewa yaliyofuata. Alizaliwa Helsinki mwaka 1883 katika familia ya Kiyahudi, akabaki yatima akiwa mdogo, akaikimbia Finland ili asiingizwe kwenye jeshi la mfalme wa Urusi, maana nchi hiyo ilikuwa bado chini ya Warusi. Yeye na Victor Sjöström ndio walioifanya Uswidi kuwa nchi kubwa ya sinema bubu. Uswidi haikuingia kwenye Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, hivyo iliendelea kutengeneza filamu wakati wengine wanauana, na waongozaji hawa wawili walikuwa na akili ya kutoka nje na kamera: theluji, maziwa yaliyoganda, misitu. Walichukua pia hadithi za Selma Lagerlöf, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, mwaka 1909. Kufikia 1923 hali ilikuwa imebadilika. Filamu za Marekani zilirudi kwa wingi kwenye kumbi za Ulaya, na Sjöström mwenyewe alikuwa ameshakwenda Hollywood. Stiller alikuwa anafanya filamu yake kubwa huku akijua kwamba nyumba inaanza kuvuja.

Filamu hiyo ilikuwa Gösta Berlings saga, kutoka riwaya ya kwanza ya Lagerlöf ya mwaka 1891, habari za kasisi mlevi aliyefukuzwa kanisani na wanawake wanaopita maishani mwake. Lars Hanson alicheza Gösta. Greta alipewa nafasi ya Elisabeth Dohna, mke kijana mwenye asili ya Italia. Malipo yake yalikuwa kroni 3,000. Ndani ya kazi hiyo hiyo, mwishoni mwa 1923, akabadilisha rasmi jina la Gustafsson kuwa Garbo. Chanzo cha jina hilo kila mtu anakisimulia kivyake. Ninachokipenda mimi ni kwamba mama yake ndiye aliyelipeleka ombi serikalini, kwa vile binti alikuwa hajafikisha umri wa kujiamulia. Mjane wa kibarua, anatia saini ili mwanawe aache jina la marehemu baba yake. Sijui mama gani wa Tanga asingesita kidogo pale.

Stiller alimwambia apunguze uzito. Alimfundisha namna ya kukaa, kula, kuvaa. Alimkaripia mbele za watu hadi machozi yakamtoka. Kuna wanaomsifu kwa ukali huo na kusema ndio uliomtoa Garbo. Mimi siamini kwamba machozi yale yalikuwa ya lazima, na ukikutana na mwongozaji wa namna hiyo leo usifikiri ni dalili ya kipaji chake. Lakini kwamba aliona kitu ambacho wengine hawakukiona, hilo nalikubali. Aliona kwamba uso ule, ukipunguziwa mambo, ukiachwa utulie, unabeba huzuni na mawazo kwa uzito ambao kamera inaupenda. Ni kinyume kabisa cha keki zile.

Siku ukiipata filamu, itazame kwa jicho la mwanafunzi. Katika sehemu za mwanzo Greta amekakamaa, mabega yako juu, mikono haijui pa kukaa. Unamwona msichana wa miaka 18 anayekumbuka maelekezo. Halafu inakuja sehemu ya usiku, Gösta na Elisabeth wako kwenye kigari cha kuteleza kinachovutwa na farasi juu ya ziwa lililoganda, mbwa mwitu wanawafukuzia nyuma. Mpiga picha alikuwa Julius Jaenzon, fundi mkubwa wa mwanga na usiku. Hapo Greta amejifunika manyoya, hana nafasi ya kutupa mikono wala kupiga hatua, amebakiwa na uso tu. Na uso unafanya kazi yote: hofu, mapenzi, hasira dhidi ya yule mwanamume, na kitu kama furaha ya kuwa hai, vyote vikipishana bila kugongana. Kwa macho yangu Garbo alizaliwa pale, juu ya barafu.

Filamu ilikuwa ndefu mno, ikaonyeshwa Stockholm kwa sehemu mbili mwezi Machi 1924. Lagerlöf hakufurahishwa na uhuru ambao Stiller aliuchukua na riwaya yake. Berlin, baadaye mwaka huo, mambo yalikuwa tofauti: ilipokelewa kwa shangwe. Kampuni moja ya Ujerumani iitwayo Trianon ikamwahidi Stiller fedha za filamu ya kupigiwa Uturuki. Wakaenda Constantinople, Istanbul ya leo, Stiller, Greta, mwigizaji Einar Hanson na wenzao. Fedha hazikufika. Trianon ilikuwa inafilisika. Greta alikula Krismasi ya 1924 ugenini, filamu haina hata futi moja ya picha, na mwongozaji wake amekimbilia Berlin kutafuta pesa ambazo hazipo. Wanaosimulia kwamba mambo yalimwendea kama mteremko hawaitaji Istanbul.

Walirudi Berlin mikono mitupu, na hapo akapata kazi kwa G. W. Pabst, katika filamu ya Die freudlose Gasse, habari za mtaa mmoja wa Vienna wakati pesa zimepoteza thamani na watu wanapanga foleni ya nyama usiku kucha. Nyota mkubwa ndani yake alikuwa Asta Nielsen wa Denmark. Greta alicheza binti wa mtumishi wa serikali aliyefukarika, anayebeba familia mabegani. Nadhani hiyo foleni ya nyama haikuwa ngeni kwake. Ilitoka Mei 1925. Kwangu ndiyo filamu yake bora ya kabla ya Marekani, na inasikitisha kwamba huangaliwa kidogo kuliko zile za Hollywood, kwa sababu humo anacheza mtu wa kawaida mwenye koti lililochakaa, na anaweza.

Louis B. Mayer, mkuu wa studio ya MGM, alikuwa amekutana na Stiller na Greta huko huko Berlin mwishoni mwa 1924. Kama alimtaka Stiller akamchukua binti kama nyongeza, au alivutwa na macho ya binti tangu mwanzo, wabishi hawajamaliza kubishana. Mkataba ulikuwa wa dola 400 kwa wiki kwa mwaka wa kwanza. Tarehe 26 Juni 1925 yeye na Stiller walipanda meli ya Drottningholm kutoka Göteborg, na tarehe 6 Julai wakafika New York. Pale walisahaulika hotelini majira yote ya joto. Studio haikuwa na haraka nao. Picha alizopigwa na Arnold Genthe, mpiga picha mashuhuri wa New York, zilisaidia kuwakumbusha watu wa MGM kwamba wana mtu. Septemba, mwezi aliotimiza umri wako huo wa miaka 20, ndipo alipofika California.

Hakujua Kiingereza. Katika sinema bubu hilo halikuua kazi, kwa kuwa mazungumzo yaliandikwa kwenye skrini, na mkalimani alisimama pembeni kumweleza anachotakiwa kufanya. Filamu yake ya kwanza Marekani, Torrent, ilitoka Februari 1926, akicheza Mhispania, na ikapendwa. Ya pili alipewa Stiller aiongoze, halafu katikati ya kazi Stiller akaondolewa. Mwezi Aprili mwaka huo huo dada yake Alva alifariki Stockholm, na Greta hakuweza kwenda kumzika. Aliendelea kupiga picha. Ya tatu, Flesh and the Devil, akiwa na John Gilbert, ndiyo iliyomfanya nyota wa dunia nzima. Stiller alirudi Uswidi mwaka 1927 na kufariki Novemba 1928, akiwa na miaka 45. Mengine unaweza kuyasoma popote.

Sasa, shule. Utaniambia Greta hakuimaliza, na ni kweli: filamu ilimtoa. Ingrid Bergman naye aliingia shule hiyo hiyo mwaka 1933 na kuondoka baada ya mwaka mmoja kwenda kwenye filamu. Na karibu na zama zako yupo Alicia Vikander wa Göteborg, aliyesomea baleti tangu utotoni, akakataliwa na shule ya maigizo, akaigiza tamthilia za televisheni, na mwaka 2016 akashinda Oscar. Kwa hiyo siwezi kukudanganya kwamba bila cheti hakuna kazi. Ninachoweza kukuambia ni kwamba wote watatu walikuwa wameshaukabidhi mwili na sauti zao kwa walimu wakali kabla kamera haijawakazia macho. Baleti ni shule. Mzee Enwall na binti yake walikuwa shule. Hata kipande kile alichomghania Petschler, aliwahi kukaa mahali peke yake akakikariri.

Dramaten haina tena shule yake. Ilitenganishwa na ukumbi mwaka 1964, na mrithi wake leo yumo ndani ya Stockholms konstnärliga högskola, chuo cha sanaa cha hapo hapo mjini. Nyingine za serikali ziko Göteborg, Malmö na Luleå. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi sana, usaili una mizunguko kadhaa, na masomo ni kwa Kiswidi. Kwa wenye ukaazi wa kudumu hakuna ada. Mtu asiyefaulu mara ya kwanza hajafukuzwa, wengi huomba mwaka baada ya mwaka. Kabla ya hapo ziangalie folkhögskola, yaani vyuo vya elimu ya watu wazima, zenye mkondo wa maigizo, kwa sababu huko utapata mwaka mzima wa kufanya mazoezi na watu, na lugha yako itanyooka. Lafudhi ya Tanga isikutie aibu. Unachotakiwa ni kueleweka na kuwa na pumzi ya kutosha kumaliza sentensi.

Kazi ya duka usiiache bado. Greta aliiacha kwa sababu alikuwa na siku za kupigwa picha zilizopangwa na amenyimwa ruhusa, na nyumbani walikuwepo Sven na Alva. Wewe huna tarehe yoyote mkononi. Jaza fomu kwanza, pata siku ya usaili, ndipo uzungumze na bosi wako na shangazi yako, kwa mpangilio huo.

Halafu tafuta jioni moja uzitazame zile filamu kwa mfululizo wake: matangazo, kipande cha Luffar-Petter kilichobaki, Gösta Berling, Pabst. Usianzie Hollywood. Anza na ile ya keki.